Mdomo na Mikono: Miaka Yangu ya Kutua Ndege za Rimoti

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho karakanani, nilirudisha ufunguo wa stoo ya mafuta, nikala keki mliyoninunulia, na Wambui akaniambia, "Aunty, usiende na hizo stori zote. Tuandikie." Nimekaa nyumbani Thika siku chache sasa, nimechoka kupanga sufuria zilizokwisha kupangika, kwa hivyo naandika. Msitarajie habari za mshahara, wala nani alipandishwa cheo kabla ya nani. Hayo mnayajua, na mnayanung'unikia vya kutosha wakati wa chai. Nitaandika juu ya kuzirusha ndege zetu na, zaidi, kuzitua. Kurusha hata mbuzi anaweza, ukimfunga injini mgongoni.

Nilikuja Thika kutoka upande wa Bungoma nikiwa msichana, kwa shangazi aliyekuwa akifanya kazi Eneo la Viwanda. Nami nikaingia kiwanda cha nguo, kitengo cha kukata. Nilikata kitambaa miaka mingi, nikaolewa, nikapata Brian, nikaendelea kukata. Halafu kiwanda kikapunguza zamu, nasi wengine tukaambiwa tukae nyumbani tungoje simu. Simu hiyo bado naingoja.

Mama mmoja wa kanisani akaniambia kuna karakana Ruiru, nyuma ya barabara ya bypass, inatafuta mtu anayejua kukata kitambaa bila kuharibu. Nilidhani ni mapazia. Nilibeba makasi yangu mwenyewe, nimeyanoa, nikavaa ile blauzi ya kuombea kazi.

Mlangoni nilimkuta mzee mwembamba aliyevaa ovaroli ya kijivu. Huyo ndiye Njoroge, aliyeitwa na kila mtu Baba Shiko, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama fundi wa ndege kubwa, zile za kubeba watu, kabla ya kuja kuunda hizi ndogo. Wakati huo ndiye peke yake aliyezirusha.

"Wewe ndio wa kitambaa?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Kata hii."

Alinipa kitambaa cheupe kinachong'aa, ambacho kiliniwasha mikono mpaka viwiko. Nikamuuliza ni cha kushona nini.

"Ndege," akasema, wala hakucheka.

Nyuma yake, juu ya vigoda viwili, kulikuwa na ndege ya jeti ndefu kuliko kitanda changu, imefunguliwa tumbo. Injini yake ilikuwa mezani, ndogo kama chupa ya chai. Nikamuuliza ni mtoto wa nani anayechezea kitu kama hicho. Akaniambia, "Hii ina uzito wa mtoto wa nasari na inapita gari lolote hapo Thika Road. Ikikugonga hutauliza tena kama ni ya kuchezea."

Kazi yetu mnaijua, lakini naieleza kwa ajili ya watakaosoma bila kuijua. Watu wenye uwezo hununua jeti hizi ng'ambo zikiwa kwenye masanduku, halafu huogopa kuzivunja. Huzileta kwetu tuziunganishe, tuzijaribu na kuzitengeneza zikivunjika. Pia tulizirusha kwenye siku za shule na sherehe, watu wainue shingo. Na tuliunda zetu wenyewe kwa faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, ndiyo maana ya makasi yangu.

Kwa muda mrefu sikugusa rimoti. Nilikata faiba, nikailaza kwenye kalibu, nikaipaka gundi, nikafinya mapovu kwa brashi. Gundi ile haina subira. Ukianza umbea inaganda koponi na brashi yako ndani. Njoroge alipita kila siku, akagonga kazi yangu kwa ukucha, akainamisha kichwa kusikiliza. Ikilia vibaya alisema, "Rudia." Ikilia vizuri hakusema kitu, akaenda zake. Nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa ananisifu.

Kiwanja chetu ni ile ile lami nyembamba katikati ya kahawa, iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya ndege za kunyunyizia dawa. Siku hizo haikuwa na kamba wala kibao. Akina mama wa kuchuma kahawa waliikata katikati na vikapu vyao, ng'ombe walilala juu yake asubuhi kwa sababu inapata joto, na vijana wa boda waliipenda kwa kuwa ndiyo lami pekee isiyo na polisi. Kabla ya kurusha, mtu hutembea kiwanja chote na filimbi. Ng'ombe hasikii filimbi, kwa hivyo chukueni na fimbo.

Kuna desturi moja ya karakana ambayo sijawahi kuiona imeandikwa popote, nayo ndiyo hasa nataka muishike. Jeti yetu kubwa hairushwi na mtu mmoja. Mwenye rimoti tunamwita mikono. Nyuma ya bega lake la kushoto husimama mwingine, tunamwita mdomo. Mdomo huweka kiganja juu ya bega hilo ili mwenzake ajue yupo, halafu husema anachokiona: kiwanja kiko wazi, upepo umegeuka, miguu yote ya ndege iko chini, kuna boda inakuja. Mikono haondoi macho kwenye ndege hata akiitwa na mamake mzazi. Bila mdomo, ndege hairuki. Siku moja mkurugenzi alikuwa na mgeni aliyetaka sana kuonyeshwa ndege mpya, nami niliyekuwa mdomo nilikuwa nimeenda chooni. Walingoja, mkurugenzi na mgeni wake, juani.

Nilifanywa mdomo kwa sababu ya sauti. Kule kiwandani nilizoea kushindana na mashine za kufuma, kwa hivyo injini ya jeti haikunitisha. Nilisimama nyuma ya Njoroge misimu mingi, nikimwitia, kabla hajageuka siku moja baada ya chakula cha mchana na kuniambia, "Mama Brian, umeita vya kutosha. Shika."

Ugumu wa kwanza wa kurusha ni kwamba ndege ikienda mbele yako, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka kukujia, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake, na mikono haijui hivyo hata kama kichwa kinajua. Njoroge alinifundisha njia ya mkato: ikikujia, tazama bawa lililolala, sukuma kijiti upande huo huo, kama mtu anayeegemeza ukuta unaotaka kuanguka. Alikata ndege ya katoni, akamtuma fundi wa rangi aje nayo akinikabili, akiilaza huku na huku uani, nami nisukume kijiti cha rimoti iliyozimwa. Bawabu alituangalia siku kadhaa halafu akaniuliza kama nimehama kanisa.

Ugumu wa pili ni kwamba injini ya jeti ni nzito kusikia. Ukiipunguzia mafuta halafu uyatake tena, inafikiria kwanza. Kwa hivyo ukiona hutui vizuri na unataka kurudi juu, taka mapema.

Wa tatu ndio unaotuhusu sisi watu wa Ruiru na Thika. Vitabu vinavyokuja na ndege hizi vimeandikwa na watu wanaokaa chini karibu na bahari. Sisi tuko juu, hewa ni nyepesi, hasa mchana jua likiwaka. Ndege lazima ikimbie zaidi ndipo ibebwe. Sasa inapokuja kutua jicho linakudanganya. Unaona inakuja mbio mno, moyo unaruka, na bila hata kuamua unaipunguza. Kwenye kona ya mwisho bawa la ndani linakosa hewa na kuanguka, na jioni mnazunguka kwenye kahawa na gunia mkiokota vipande. Kila mtu aliyerusha hapa amefanya kosa hilo, na wageni waliorusha kwao miaka mingi ndio hulifanya haraka zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu la jeti huagizwa ng'ambo.

Ni Njoroge tu sikumwona akivunja kitu. Siku moja jeti ya manjano ya daktari mmoja wa meno ilikataa kuteremsha mguu wa kushoto. Aliizungusha, akaitikisa, mguu ukakaa ndani kama mpangaji siku ya kodi. Mafuta yakiwa karibu kuisha aliileta chini kwa gurudumu la kulia tu, akalishikilia bawa la kushoto hewani mpaka ndege ikachoka, ndipo akalilaza kwenye nyasi taratibu. Palikuwa na mkwaruzo mdogo tu. Daktari alilia kuliko wagonjwa wake.

Siku kama hizo tulienda Kamakis kula nyama. Na ni Kamakis nilipoona dalili ya kwanza, ingawa sikuielewa. Njoroge alimwomba mhudumu amsomee ubao wa vyakula, akisema amesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa mfukoni mwake, naiona.

Halafu pale kiwanjani akaanza kutaka maneno mengi. Zamani mdomo alisema machache na kunyamaza. Sasa Njoroge aliuliza: bawa gani liko chini? Imepita ule mti? Iko juu kiasi gani? Nilidhani ananipima, kama alivyopima faiba kwa ukucha, nami nikajitahidi. Nikawa naita kila kitu, kona kwa kona, na ndege zikawa zinatua kama kawaida. Wenzangu walinitania kwamba naitangaza mechi.

Ukaja msimu wa kiangazi. Alasiri moja Njoroge alikuwa amerusha, nami niko begani kwake, ikapita lori ya kahawa ikatumwagia vumbi lote la barabara. Likanikaba koo. Nilikohoa, sikuweza kusema hata neno. Ndege ilikuwa inaelekea mbali na ilikuwa imefika mahali pa kugeuzwa. Haikugeuka. Ilizidi kwenda upande wa Thika, ikawa nukta.

"Mama Brian, ongea!"

Sikuwahi kumsikia na sauti ile. "Kushoto!" nikakohoa. "Igeuze kushoto, Baba Shiko, kushoto!"

Akaigeuza. Nikamwitia mpaka chini, ikatua laini kabisa, watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa chini kwenye lami.

Baadaye nilimfuata kwenye pikapu, nikafunga mlango.

"Macho yako vipi, Baba Shiko?"

"Ni vumbi tu."

"Mwenye vumbi alikuwa mimi."

Alikunja na kukunjua kofia yake. "Ikiwa karibu naiona," akasema mwishowe. "Ikienda mbali inapotea, halafu wewe unanirudishia."

"Tangu lini?"

"Kutoka kabla ya Krismasi. Daktari alisema ni presha ya macho. Nuru yenye imekula haitarudisha."

Basi nikaelewa kwamba miezi hiyo yote alikuwa anatua kwa maneno yangu. Nilimhurumia na nikamkasirikia kwa pamoja, maana hakuniambia. Mdomo anaweza kukosea jambo moja akijua mikono inaona. Mimi sikujua kwamba hakuna mwingine anayeona.

Nikamwambia aache. Akaniambia ataacha, lakini baada ya siku ya shule. Shule moja ya Thika ilikuwa inaleta watoto na wazazi kwenye kiwanja chetu, nasi tungerusha ile jeti nyeusi ya injini mbili, kubwa kuliko zote tulizowahi kuunda. Mke wake angekuja, na wajukuu.

"Hao watoto hawajawahi kuniona nikirusha hata siku moja," akasema. "Hii moja tu. Wewe uniitie, mimi nisikie. Si ndivyo tumekuwa tukifanya?"

"Na nikikohoa?"

Akavaa kofia yake.

"Watoto watakuwa hapo kwa kamba, Baba Shiko. Sitakuitia."

"Mama Brian, mimi ndio nilikutoa kwa kitambaa."

"Ni wewe. Na sitakuitia."

"Basi enda useme kwa mkurugenzi."

"Hiyo ni yako ya kusema. Lakini mkono wangu hautakuwa kwa bega lako siku hiyo."

Neno lile la kitambaa liliniuma sana, kwa sababu lilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyenitoa, yeye ndiye aliyenifundisha hata desturi niliyoitumia kumkatalia. Na alijua kwamba mtu mwingine wa kuita hakuwa naye. Wale wengine waliita maneno machache ya kawaida, na akiomba zaidi wangejua mara moja. Tangu siku hiyo akawa ananisalimia bila kunielekea. Alikuja mezani, akagonga faiba kwa ukucha, akaenda.

Yaliyofuata baada ya siku ile ya shule mmeyaona wenyewe, kwa maana ndiyo miaka mliyoanza kuajiriwa. Kwa hivyo nitaishia na siku hiyo yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, mabasi ya shule yamejipanga kando ya kahawa, watoto wamebanana nyuma ya kamba. Njoroge alikuja na kofia mpya. Mke wake alikuwa amekalia kiti cha plastiki mbele kabisa, na wajukuu wawili miguuni pake. Tuliwasha injini, moja halafu ya pili, watoto wakaziba masikio. Njoroge akavaa mkanda wa rimoti shingoni, akatembea mpaka kwenye mstari, akasimama. Mkurugenzi alikuwa na maikrofoni, anamsifu kwa wazazi.

Mimi nilisimama kando, karibu na mtungi wa kuzimia moto.

Aliinamisha bega la kushoto kidogo, kama alivyofanya siku zote, akingoja kiganja. Akangoja. Mkurugenzi akaishiwa na sifa, akaanza kuzirudia. Nilitaka kwenda. Naandika hivyo waziwazi, miguu yangu ilitaka kwenda, nami niliushika ule mtungi kwa mikono miwili ili nisiende. Nilimpenda mzee yule kama baba yangu, na nilikuwa namwacha asimame peke yake mbele ya wajukuu wake.

Akageuka. Aliutazama upande niliokuwa, ingawa si mahali penyewe, akautoa mkanda shingoni.

"Mama Brian, njoo."

"Baba Shiko, kuna shida?" mkurugenzi akauliza, na kwa kuwa hakuondoa maikrofoni, kiwanja kizima kikasikia.

"Macho imekataa," Njoroge akasema, nalo likapita kwenye spika. "Kutoka kabla ya Krismasi sioni ndege ikienda mbali. Huyu mama ndio amekuwa akiniitia. Leo arushe yeye."

"Ngai, Mungu wangu!" mke wake akasema, akainuka kitini. Hata yeye hakuwa anajua.

Njoroge alinivika mkanda, akaupapasa kwa vidole na kuunyoosha mahali ulipojikunja. Halafu akazunguka nyuma yangu na kuweka kiganja chake begani kwangu. Mkurugenzi, nampa haki yake, alielewa upesi. Aliweka maikrofoni chini, akachukua filimbi, akaja kusimama upande wangu wa pili ili awe macho ya kiwanja. "Kiko wazi," akasema.

Nikairusha. Sehemu hiyo haina hadithi, iliruka vizuri, nikaipitisha mbele ya watoto mara kadhaa wakapiga kelele. Kisha nikateremsha miguu, nikaileta kwenye kona ya mwisho, nami nikiwa nimewafundisha wengine jambo lile lile, jicho langu likanidanganya. Ilikuwa kubwa, nyeusi, inakuja mbio, na watoto wako pale kwenye kamba. Kidole changu kilirudi nyuma chenyewe.

Kiganja kikanikaza bega.

"Umeipunguzia mafuta," Njoroge akasema sikioni. Hakuwa anaiona. Alikuwa ameisikia injini. "Rudisha. Kidogo. Kidogo tena. Hapo. Sasa wacha ikuje."

Bawa la ndani lilikuwa limeanza kulala. Likatulia, likanyooka. Ndege ikapita kahawa ya mwisho na magurudumu yakagusa lami kwa mlio mmoja mfupi, halafu ikakimbia, ikakimbia, mpaka ikasimama. Nikazima injini zote mbili, nikasikia watoto.

Makofi yalipopungua, wajukuu wake walikuwa wameshapita chini ya kamba wakija mbio, na mkurugenzi alikuwa hapo hapo kando yetu. Miezi hiyo yote Njoroge angeniuliza kwa kunong'ona, au angengoja wengine watangulie ili afuate miguu yao. Sasa aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, kila mtu akisikia.

"Imesimama wapi?"

"Kule mwisho wa lami," nikamwambia. "Imeangalia kahawa."

"Iko mbali?"

"Kidogo."

"Nipeleke."

Nikamshika mkono, tukaenda kuichukua, wajukuu wakitangulia. Mimi nililia njia nzima, bila hata kujificha, na sijui alijuaje, lakini alinisukuma kwa kiwiko.

"Panguza macho, Mama Brian," akasema. "Ndio hayo tu tuko nayo."